Ulimi wa Fimbo

Katika kazi za mikono ziko zinazoonekana na ziko zinazofichwa, na aghalabu zinazofichwa ndizo zinazozibeba zinazoonekana. Nyumba husimama juu ya msingi uliofukiwa, na kanzu hushikwa na mshono ulio ndani. Fimbo ya biliadi, ile ichezewayo juu ya meza yenye mashimo sita, ina siri ya namna hiyo. Mchezaji huiona rangi ya mti wake, mng'aro wake, na urembo uliochomekwa katika shina lake. Ulimi wake hauoni.

Ulimi ni mwisho wa mti uliopunguzwa unene ili uingie katika tundu la kipande kingine. Karibu na ncha ya fimbo, mti wenye unene wa milimita 13 hivi hukerezwa mpaka ubaki ulimi wa milimita 8, na juu ya ulimi huo huvishwa pete. Zamani pete ilikuwa ya pembe ya ndovu. Siku hizi aghalabu ni ya plastiki ngumu. Kazi yake ni kuuzuia mti usipasuke kila ncha igongapo mpira. Mafundi wengi hukata hesi juu ya ulimi na hesi nyingine ndani ya pete, kisha wakazikaza pamoja kwa gundi. Hesi 18 katika inchi moja ni kipimo kitumiwacho sana.

Kuyasema hayo ni rahisi. Kuyatenda ni taabu, na taabu hiyo inatokana na asili ya mti. Chuma kikikatwa kwa urefu au kwa upana hujibu karibu sawasawa. Mti sivyo. Mti ni mkusanyo wa nyuzi zilizolala kwa urefu, mfano wa mabua ya mtama yaliyofungwa mzigo mmoja. Hesi huuzunguka mzigo huo kwa upana na kuzikata nyuzi vipande vipande. Katika hesi 18 kwa inchi, tuta moja na jingine hayaachani hata milimita moja na nusu, na mfereji ulio baina yao haufiki kina cha milimita moja. Kila uzi uliobaki ndani ya tuta umekatwa mbele na nyuma. Ni kijipande kifupi kinachoshikwa na jirani zake wa ubavuni tu. Kisu kikipita juu yake kwa nguvu kuliko kwa ukali, kijipande hung'oka, na jirani yake akakifuata. Tuta likabaki na mapengo kama kinywa cha mzee.

Iko miti inayoisamehe hesi kuliko mingine. Mpingo, unaoota Tanzania na Msumbiji, ni mzito, una mafuta, na nyuzi zake zimebanana sana. Wakereza wa Uingereza wa karne ya 19 waliupenda kwa sababu hiyo, wakaukatia hesi nyembamba za vifuniko vya vikopo vya anasa. Lakini sehemu ya mbele ya fimbo haitaki uzito wa mpingo. Hutaka mti mwepesi kuliko huo, ulionyooka, unaorudi ukipindwa. Na katika Marekani mti uliochaguliwa ni mepo mgumu, mti mweupe wa nchi za baridi. Mepo ni mti mwema, ila kwa hesi hauna huruma.

Fundi aliyetoka katika karakana ya chuma huuendea mti huu kwa desturi alizozizoea. Huchukua chombo kile kile akatiacho hesi juu ya fito za chuma, akakivisha juu ya ulimi na kukizungusha. Meno ya chombo hicho husukuma na kuvuta kabla ya kukata, nao mti hausubiri, huchanika. Au huufunga mti katika kerezo, akauzungusha mbele ya kisu kilichosimama, kama anavyofanya kwa chuma. Matokeo hayapishani sana.

Dawa ni kuligeuza jambo lote. Mti ndio utembee polepole, na kisu ndicho kikimbie. Kisu chenye ncha ya pembe ya digrii 60 huzungushwa na mota ndogo, makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Mti hugeuka taratibu, na kerezo hukisogeza kisu mbele kwa kipimo kimoja katika kila mzunguko wa mti. Kila jino huondoa kiasi cha vumbi tu, na uzi hukatwa kabla haujapata nafasi ya kung'oka. Wengine huunywesha ulimi gundi nyembamba kama maji, wakaiacha ikauke ndani ya nyuzi, ndipo wakapitisha kisu mara ya mwisho kwa wepesi. Vilele vya matuta havichongwi vikawa vikali, bali huachwa bapa kidogo, kwa kuwa kilele kikali ndicho cha kwanza kuvunjika. Methali husema samaki mkunje angali mbichi. Mti wa fimbo hukatwa hesi ukiwa mkavu kabisa.

Pamoja na uangalifu huo wote, iko siku tuta moja huvunjika. Mti huo umekwisha kukerezwa kidogo kidogo kwa miezi, ukipumzishwa kila mara ili upinde utakavyopinda kabla haujafikia unene wake wa mwisho. Fundi anaweza kuukata ulimi ulioharibika na kuchonga mwingine, kama urefu waruhusu. Usiporuhusu, miezi hiyo imepotea. Anaweza pia kulijaza pengo kwa gundi, akaikaza pete, akaisugua mpaka ing'ae. Hakuna jicho litakaloona. George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kufa mwaka 1975, alizitengeneza fimbo zake Brooklyn, na leo zinatafutwa na wakusanyaji kama vitu vya thamani. Lakini hata mkusanyaji aliye hodari hanunui fimbo kwa kuifungua pete yake.

Basi hasara ya pengo lile humwangukia nani? Ncha na mpira hugusana kwa muda wa kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mpira una uzito wa gramu 170 hivi. Pigo moja si kitu. Mapigo elfu nyingi huipasua gundi iliyosimama mahali pa mti, na pete huanza kucheza kwa kiasi kisichoonekana. Sauti ya fimbo huwa butu, na mpira hukosa njia kwa unywele. Mchezaji hamkumbuki fundi. Hulaumu jicho lake. Hubadili namna ya kusimama. Husema mkono wake umezeeka. Kosa la mtu mmoja limehamia katika mkono wa mwingine, na mwenye mkono halijui.

Wako mafundi wanaoshikilia kwamba ulimi laini, usio na hesi, ukipakwa gundi njema hutosha. Hoja yao haidharauliki. Faida ya hesi ni kwamba huuvuta mti na pete mpaka vigusane bila mwanya, na kuvishika hivyo gundi ikikauka. Lakini ulimi laini haumdanganyi mtu, maana haukuahidi kushika kwa meno. Hesi iliyochanika huahidi, kisha haitimizi. Fundi aliyeona pengo katika kazi yake ndiye mtu pekee aliyeliona, na asipolitengeneza yeye, hakuna mwingine atakayejua kwamba kulikuwa na la kutengenezwa.