Deni la Nyuma ya Daftari

Usinione nikicheka nanyi gwarideni asubuhi ukadhani mambo yangu yalikuwa shwari siku zote. Usilolijua ni usiku wa giza.

Katika mtihani wa KCPE wa mwaka 2023, ule wa mwisho nchini, nilipata alama 291 kati ya 500. Nyumbani walikuwa wakihesabu 400 na shule ya kitaifa. Mjomba alikuwa ameshaahidi kuninunulia sanduku la bweni. Matokeo yalipotoka hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama alisema tu, "Haidhuru, utaenda hii ya kutwa hapa karibu," kisha akajitwika gunia lake la sukuma wiki akashika njia ya sokoni.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, ndipo nilipozama. Niliuita uvivu, hata mimi mwenyewe. Niliamka saa kumi na moja nikaketi kitandani na soksi moja mguuni hadi saa moja. Chakula hakikuwa na ladha. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne nisiambulie kitu, na usiku usingizi ulinihama.

Nikaanza kuandika nyuma ya daftari la Hisabati. Serikali huchangia masomo yetu sisi wa kutwa tangu mwaka 2008, lakini sare na chakula cha mchana ni juu ya mzazi. Basi niliandika yote: sweta, viatu, chakula, mafuta ya taa. Nilidhani hesabu hiyo ingenisukuma nisome. Wapi! Kila nilipojumlisha nilizidi kushindwa kuamka, na kila nilipokosa kuamka niliona deni limeongezeka.

Jumamosi moja Mama aliliona daftari. Yeye naye ana lake la wateja wanaokopa mboga, kwa hiyo aliuelewa ukurasa ule mara moja. Nilingoja anikemee. Akavuta kigoda, akasoma polepole.

"Hapa umekosea, mwanangu. Taa iliwaka, sote tukaona. Mbona mafuta yote ni yako?"

Akachukua kalamu akayakata. Halafu akaniuliza, "Wewe unalala saa ngapi siku hizi?"

Nilimwambia kila kitu, hata zile asubuhi nilizotamani nisingeamka kabisa. Hakusema neno kwa muda mrefu.

Jumatatu hakwenda sokoni. Tulimwona mwalimu wa ushauri nasaha, naye akatutuma hospitali. Daktari alisema huu ni ugonjwa, na unatibika. Neno alilotumia lilikuwa la Kiingereza. Mwalimu wetu wa Kiswahili baadaye alinipa "sonona". Kusonona ni kuumia moyoni, ingawa mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo hata kuumia sikuhisi. Nilipewa dawa, nikaonywa kwamba zingechukua majuma kadhaa kabla ya kusaidia na nisiziache bila kumwuliza. Wiki ya kwanza sikuona lolote ila kinywa kukauka.

Usiku wa Jumatatu ile nilishika kalamu niandike siku ya soko ambayo Mama alikuwa ameipoteza. Sikujua niweke shilingi ngapi. Nikalala.

Muhula uliopita nilipata 38 katika Hisabati. Siku mbaya bado huja, lakini soksi zote mbili huingia. Ukurasa ule sijauchana, maana upande wa pili una aljebra ambayo mwalimu hajasahihisha.