Binti wa Benchi la Nyuma, Mbagala

Saa mbili asubuhi, benchi za kliniki ya wajawazito zimeshajaa. Daladala za Chamazi na Charambe zimewashusha akina mama Rangi Tatu, na wengine wametembea kwa miguu hadi zahanati hii, kadi zao zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Waliokuja na waume zao wamekaa mbele. Siku ya kwanza mwenza naye hutakiwa kupima virusi vya Ukimwi, na waliofuatana huhudumiwa mapema.

Nyuma kabisa amekaa binti mwanafunzi wa miaka 16 na bibi yake. Aliyempa mimba ametoroka. Tangu 2016 sheria inasema anayempa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30, kwa hiyo kumsubiri aje kliniki ni kazi bure. Alipokuja peke yake mara ya kwanza, binti aliambiwa mapokezi akachukue barua serikali ya mtaa ya kueleza kwa nini hana mwenza. Mtaani kwao, kuomba barua hiyo ni kuitangaza mimba, naye akawa anaahirisha. Sasa ana miezi sita.

Wananiruhusu niingie nao.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba mwanangu. Bibi, mbona mmechelewa hivi?"

"Alikuwa anajifunga khanga mbili, sikujua."

Nesi hafoki. Anafunga mlango kwanza, na kwa hilo tu nimemheshimu. Anampima presha, wingi wa damu, kimo. Kwenye kadi anaweka alama penye umri chini ya miaka 20. Alama hiyo si ya urembo: kwa umri huu kifafa cha mimba kinanyemelea zaidi, na mtoto aweza kuzaliwa njiti. Anampa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, kisha anamsimamia ameze dawa ya malaria palepale. Hawalipi hata senti.

"Ulikuwa kidato cha ngapi?"

"Cha pili."

"Utarudi. Serikali iliruhusu tangu Novemba 2021."

Bibi anainua uso. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Huyu ni mmoja wao, na amekuja akiwa amechelewa kwa sababu ya karatasi. Ndugu zangu mnaokaa mapokezi, nanyi wenyeviti wa mitaa: binti akija peke yake, apimwe kwanza. Barua itafuata baadaye.