Mlio Usiozimika

Baada ya swala ya Isha, watoto wa majirani wakiisha kulala na majiko yakiisha kuzimwa, mtaa wetu wa Makongeni hupata saa chache za utulivu. Tunasema Makongeni hii ya Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo, si ile ya Thika. Ni saa ambazo watu wengi humshukuru Mola kwazo. Sisi tumezihofu kwa miaka sita, kwa kuwa ndizo saa ambazo masikio yetu huanza kulia.

Baba wa nyumba husikia kama nyenje mmoja asiyechoka, aliyeingia kichwani na kukataa kutoka. Mama wa nyumba husikia mlio mwembamba wa birika linalokaribia kuchemka, lakini birika hili halichemki, wala hakuna wa kuliepua. Mchana hatuusikii sana, maana kelele za dunia huufunika. Usiku, kichwa kikigusa mto, hujitokeza na kuutawala usingizi.

Madaktari huuita tinitasi. Waarabu huuita tanin, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuzungumzia katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun. Kwa hiyo si ugonjwa ulioletwa na matatu. Ila matatu zimeuchukua na kuusambaza nyumba kwa nyumba.

Mwanzo hatukujali. Kwetu Mombasa, sikio likilia huambiwa kuna mtu anakutaja mahali. Tulitaniana kwamba, kama ni hivyo, basi tunatajwa na mji mzima. Zaidi ya hayo, baba wa nyumba alikumbuka enzi za utotoni alipotibiwa malaria kwa kwinini: masikio yalimvuma kwa siku kadhaa kama mawimbi ya bahari, kisha dawa ilipokwisha mwilini yakanyamaza. Wazee wengi wa pwani wanaijua hali hiyo. Akadhani na huu utapita vivyo hivyo. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi, na nyenje hakuondoka.

Jirani mmoja, mwenye moyo mwema kuliko maarifa, alitushauri tutie mafuta ya nazi ya moto yaliyopikwa na kitunguu saumu. Tulitia. Mlio ulibaki pale pale, na juu yake tukapata sikio lililovimba na homa ya siku tatu. Daktari wa masikio alipotuona alitikisa kichwa. Alitueleza kwamba mafuta huishia kwenye ngoma ya sikio, na hapo hukomea. Kinachoumia kiko mbali zaidi, ndani ya mfupa, katika kiungo kidogo kilichojiviringisha kama konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, kama elfu kumi na tano hivi katika kila sikio, ambazo hutikiswa na sauti na kuipeleka habari kwenye ubongo. Ni kama nyasi. Mtu akipita juu yake mara moja, nyasi huinama kisha zikasimama. Akipita kila siku, huwa njia, wala hazioti tena. Chembe za mwanadamu zikifa hazirudi. Ubongo, ukikosa habari iliyozoeleka kutoka huko, huanza kujipandishia sauti wenyewe kama mtu anayezungusha kitasa cha redio akitafuta stesheni, na huo mvumo wa redio tupu ndio tunaousikia sisi.

Aliuliza kazi zetu. Baba wa nyumba alifanya kazi miaka kumi na tisa katika karakana moja ya eneo la viwanda, akikata mabati kwa mashine. Hakuna aliyempa kitu cha kuziba masikio, naye hakuuliza. Wenzake walitia pamba, ambayo daktari alisema haizuii kitu. Mama wa nyumba huuza mahamri na mbaazi kituoni, tangu saa kumi na moja unusu alfajiri hadi saa nne asubuhi. Meza yake iko hatua tano kutoka mahali zinaposimama zile matatu zilizochorwa picha, zenye spika kubwa na honi za kila namna. Gari hufunguliwa mlango, na muziki hutoka kama maji ya bomba lililopasuka. Vijana huchagua gari kwa muziki wake. Lililo kimya huondoka na viti vitupu. Tulikuwa tukilalamika, lakini tulilalamika kwa ajili ya maneno machafu ya nyimbo zile. Hatukujua kwamba hata lau zingekuwa nyimbo njema, kwa kiasi kile zingetuumiza vile vile.

Tungeweza kuishia hapo, tukawa wazee wawili wenye masikio mabovu katika mtaa wa reli. Nyumba hizi za safu zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na wazee waliofanya kazi kwenye vyuma, ndani ya reli na nje yake, si wachache hapa. Ukipita barazani utawasikia wakizungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Lakini tuna kijana wa miaka ishirini na mbili, naye ni kondakta wa matatu.

Tuliligundua jambo lake katika Ramadhani. Alipokuwa mdogo mwanetu alisifiwa chuoni kwa matamshi yake. Mwalimu alikuwa akimsimamisha mbele ya wenzake awasomee. Mwaka juzi, tukiwa tumekaa kusoma juzuu pamoja baada ya alasiri, baba yake alimsahihisha mahali alipotamka sin palipotakiwa tha. Kijana akasoma tena, akakosea vile vile. Baba akamtamkia polepole: hii ni sin, hii ni tha. Kijana alimtazama mdomo, wala hakumtazama machoni, kisha akasema, "Baba, mbona unarudia neno lile lile?"

Kimya kilichofuata sisi wawili tulikielewa. Sauti nyembamba kama s, f, th na sh ndizo huanza kupotea masikio yanapoharibiwa na kelele. Mtu huendelea kusikia ngoma na ngurumo, akadhani yu mzima. Tulimwuliza kama masikio yake hulia usiku. Alikana. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, mimi yangu hulia kama birika. Yako hulia kama nini?" Akainamisha kichwa, akasema, "Kama filimbi, Mama. Tangu mwaka wa kwanza wa kazi." Alikuwa akilala na vidude vya simu masikioni, muziki ukicheza hadi asubuhi, ili asiisikie filimbi. Alikuwa akizima moto kwa mafuta ya taa.

Tulimpeleka kupimwa. Mchoro wa usikivu wake ulikwenda sawasawa kwenye sauti nzito, kisha ukatumbukia bondeni kwenye sauti nyembamba. Mtaalamu alituonyesha lile bonde kwa ncha ya kalamu, akasema huo ni mwandiko wa kelele, na huutambua upesi.

Siku iliyofuata kijana alipakua katika simu yake programu ya kupimia sauti, akaiwasha ndani ya gari lao. Programu ya simu si chombo cha hospitali, lakini ilisoma desibeli 98. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila ya hatari kubwa, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda ule hukatwa nusu. Tulikaa mezani tukahesabu kwa kalamu juu ya mfuko wa unga. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Kwa 89 ni saa 5, kwa 92 saa mbili na nusu, kwa 95 saa moja na robo. Kwa 98 zilibaki chini ya dakika 40, kwa wiki nzima. Mwanetu hukaa ndani ya gari lile saa kumi na mbili kwa siku. Siku ya Jumatatu, kabla hajanywa chai ya asubuhi, alikuwa ameshamaliza haki ya masikio yake hadi Jumatatu nyingine.

Baba alitaka aiache kazi siku ile ile. Mama alitaka hivyo pia, lakini mama ndiye anunuaye unga, na alijua ni nani aliyelipa karo ya mdogo wake muhula uliopita. Tuligombana, na hatuoni haya kusema hivyo. Kijana mwenyewe ndiye aliyetunyamazisha: "Mkiniachisha kazi leo, kesho nitakaa kwenye kona gani?" Hatukuwa na jibu.

Kanuni za nchi za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, zinataka kelele za nje katika mitaa ya makazi zisizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Tulizichapisha kwenye karatasi, tukampelekea dereva. Alizisoma kwa heshima, akazikunja, akatuambia, "Shikamoo mama, lakini abiria hawasomi hizi." Karatasi ile hadi leo imo kwenye kisanduku cha gari lake pamoja na risiti za mafuta.

Basi tulianza na kile kilicho mikononi mwetu. Tulinunua vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa, bei yake haifiki hata ya sahani moja ya biriani. Vina namna ya kuvaliwa, na wengi hukosea: hukisokota kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba, ukapitisha mkono wa pili juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, ukakiingiza, kisha ukakishikilia kwa kidole hadi kivimbe na kujaa. Kikining'inia nje nusu, hakifanyi kazi. Wenzake walimcheka wiki mbili, wakamwita daktari. Wiki ya tatu mmoja wao alimfuata pembeni akamwuliza vinapatikana wapi, maana naye ana yake inayolia kama jenereta.

Spika iliyokuwa nyuma ya kichwa cha kondakta ilihamishwa, na hilo dereva alilikubali bila ya ubishi, kwa sababu halikugusa abiria. Sasa gari likipumzika, mwanetu hushuka na kukaa mbali, masikio yakapata kivuli kidogo. Simu yake haipiti asilimia 60 ya sauti. Mama naye amehamisha meza hadi upande wa pili wa kituo. Wateja wa mahamri walimfuata.

Na mlio wenyewe? Daktari alitwambia wazi kwamba hana dawa ya kuuondoa, na kwamba atakayetuuzia dawa ya namna hiyo anatuibia. Alitufundisha kuishi nao. Jambo la kwanza lilitushangaza: tusiutafute ukimya. Chumba kiwe na sauti ndogo, laini, isiyo na maana, ili ubongo uwe na kitu kingine cha kushika. Baba wa nyumba alipendekeza tuache kisomo cha Qur'ani kikicheza usiku kucha. Sisi wengine hatukuridhika. Kisomo ni cha kusikilizwa, si cha kufunikia kelele, ingawa tunajua wako watakaotupinga. Tukanunua feni ya mezani. Inazunguka hata mwezi wa Julai, Nairobi ikiwa baridi ya kutetemesha meno, nasi tumejifunika mablanketi mawili. Majirani wameona na wamecheka sana.

Baba amepata kifaa cha kusaidia kusikia, na ajabu yake ni kwamba sauti za watu zilipomrudia, nyenje alipungua ukali. Mama amejifunza kutomsikiliza birika kila anapoita. Kuna usiku anashindwa, huamka akatawadha na kuswali rakaa mbili, asubuhi ikamkuta na macho mekundu. Hatuwezi kuwadanganya wasomaji kwamba siku hizo zimekwisha. Kuna jambo pia ambalo daktari alilisisitiza kwa kidole: mlio ulio katika sikio moja tu, au unaopiga sambamba na mapigo ya moyo, au usikivu unaopotea ghafla, si wa kungojea. Mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tangu hapo tumekuwa watu wa kero katika shughuli za watu. Mfunguo tatu tulisafiri Mombasa kwa arusi ya mpwa wetu. Usiku wa kupamba, ukumbi ulijaa wanawake, na spika mbili ndefu kuliko mtu zilisimamishwa kila upande wa jukwaa. Nyuma ya mojawapo, mama mmoja kijana alikuwa amekunja buibui lake kuwa godoro, akamlaza mwanawe wa miezi minne; alipaona ni mahali pema, hapana wa kumkanyaga. Nasi tumewalaza wetu namna hiyo hiyo, miaka ile, bila ya kujua, na yule anayesikia filimbi leo ni mmoja wao.

Tulimwendea. Tulilazimika kumpigia kelele sikioni ili atusikie, jambo ambalo lilitutia haya na kicheko kwa pamoja. Alidhani tunamtaka aondoke kwenye njia ya bibi arusi. Alipoelewa, alimbeba mtoto akatufuata hadi chumba cha nyuma, karibu na masufuria, ambako muziki ulifika kama ngoma ya kijiji cha mbali. Shangazi wa bibi arusi alitukuta pale, akatuuliza kwa ukali kidogo kama taarabu yao imetuchosha sisi watu wa Nairobi. Tukamwambia la, tumekuja kumlaza mtoto. Akamtazama yule mtoto, akatoka, na baada ya muda mfupi tukasikia sauti ukumbini ikishuka, si sana, kiasi cha watu kuanza kusikizana. Mtoto alilala hadi biriani ilipopakuliwa.