Asubuhi Katika Mji wa Magurudumu

Katika jangwa la Arizona, nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Quartzsite. Katika sensa ya mwaka 2020 wakazi wake hawakutimia 2,500. Lakini ifikapo Januari, theluji inapofunika majimbo ya kaskazini na Kanada, wastaafu huteremka huko kwa maelfu wakiwa na magari yao ya kuishi, yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Watu huwaita “ndege wa theluji”.

Tulilala usiku mmoja katika kambi ya La Posa, kusini ya mji, na baada ya swala ya Alfajiri tukatoka kutembea. Kambi hiyo ni ardhi ya serikali kuu. Kibali cha msimu mzima, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, kiliwahi kutolewa kwa dola 180. Kuta hakuna, magari huegeshwa juu ya changarawe, baina ya vichaka vya miiba.

Baridi ilikuwa kali. Mzee mmoja alikuwa amepanda ngazi, akipangusa vumbi kwenye paneli za sola. Mwenzake alikokota madumu ya maji. Gari kubwa mithili ya basi la Nairobi lilipakana na kijigari kikuukuu kilichozibwa madirisha kwa maboksi. Wapo waliokuja kwa kupenda jua, na wapo waliokuja kwa sababu pensheni haitoshi kodi ya nyumba. Habari za hao wa pili ziliandikwa na Jessica Bruder katika kitabu chake Nomadland, cha mwaka 2017.

Lililotuvutia zaidi lilikuwa mbele ya milango. Kila gari limetandikiwa busati, na juu yake viti vya kukunja vimeelekezwa njiani. Lilikuwa baraza hasa! Mavazi yetu yalitazamwa kidogo, kisha ikafuata salamu.

Tulimkuta bwana mmoja amesimama na kikombe cha kahawa, macho yake kwenye gari dogo jeupe la jirani. Alitueleza kwamba mle anaishi mjane wa miaka themanini, peke yake. Wamepatana kwamba bibi akiamka salama atafungua pazia la dirisha la mbele. Jua lilikuwa limekwisha panda, na pazia bado limefungwa.

Tukasimama naye, kimya. Hatimaye akaweka kikombe chini, akavuka changarawe, akagonga mara moja, mara mbili, mara tatu. Mlango ukafunguka. Akatokeza bibi mwenye blanketi mabegani, akasema kuwa mguu ulimkesha, na usingizi ukamjia kulipopambazuka. Bwana yule akacheka kwa sauti iliyotetemeka, akarudi kummiminia kahawa. Hawakuwa na udugu wowote. Walijuana tangu Novemba tu.

Kabla ya kuondoka tulizuru makaburi ya mjini, kwani humo amezikwa mgeni wa zamani: Haji Ali, mtunza ngamia kutoka dola ya Uthmaniyya. Alifika mwaka 1856, jeshi la Marekani lilipoleta ngamia wa kubebea mizigo jangwani. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita “Hi Jolly”. Jeshi likauacha mpango huo, naye akabaki, hata akafariki huko mwaka 1902. Mwaka 1935 idara ya barabara ya jimbo ilimjengea piramidi ya mawe, na juu yake ngamia wa shaba. Tukamsomea Fatiha.

Sisi wa Pwani tuna kuta nene za mawe na majina ya ukoo yanayojulikana mtaa mzima. Hata hivyo, wamo mababu na mabibi zetu ambao watoto wao wako Ughaibuni, na simu huja Ijumaa hadi Ijumaa. Ujirani tuliouona La Posa haukuhitaji nasaba wala mali. Ulihitaji mtu wa kutazama dirisha, na miguu ya kuvuka njia. Tusingoje pazia lichelewe kufunguliwa. Kesho asubuhi, tukitoka msikitini au sokoni, tupige hodi.