Kijana, Nyumba Yao na Chama cha Wafanyakazi

Kijana hawi mwanachama wa chama cha wafanyakazi siku ile anapotia sahihi fomu. Kukubali kwake, au kukataa kwake, huanza miaka mingi nyuma, barazani kwao, katika mazungumzo ambayo hakuna aliyedhani kuwa mtoto anayasikiliza.

Katika pwani ya Bagamoyo, tangu Mbegani hata Saadani, nyumba nyingi zimelelewa na bahari. Mvuvi hana mshahara. Samaki wakifika pwani hugawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, na ya mabaharia. Asiyeridhika na nahodha wake hatafuti mgomo. Hutafuta nahodha mwingine. Mtoto wa nyumba hiyo akiajiriwa hotelini, akaona saa za ziada hazilipwi, dawa aijuayo ni moja tu, nayo ni kuhama. Kumwambia abaki adai pamoja na wenzake ni kumsemesha lugha isiyosemwa kwao.

Nyumba ya kuli ilikuwa na lugha hiyo. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, na mgomo ukaenea bara kwa njia ya reli. Walakini wazee hao wamekwisha, na habari zao zimefifia pamoja nao.

Urithi mzito zaidi ni wa karatasi ya mshahara. Mwaka 1964, baada ya maasi ya askari ya Januari, shirikisho la TFL lilivunjwa ikaundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mdai na mwamuzi wakavaa kanzu moja! Ada ilikatwa kabla mfanyakazi hajaugusa mshahara wake. JUWATA iliyofuata ikawa jumuiya ya chama tawala. Si ajabu, basi, babu na baba kuona chama ni ndugu yake kodi. Na mtu akiwaita wavivu wa kushirikiana, huwaonea. Sheria ya mwaka 2004 ilitaka sahihi ya mwanachama kabla ya ada kukatwa, lakini iliruhusu pia kwamba, penye makubaliano kati ya mwajiri na chama chenye wafanyakazi wengi, asiye mwanachama naye akatwe ada ya uwakala. Kijana aliyekataa fomu akikatwa hivyo, baba hucheka: "Si nilikwambia, mwanangu?"

Mama hufundisha jingine. Binti aliyemwona mama yake, muuza samaki, akitoa fedha za upatu kila wiki, huelewa upesi kuwa vichache vya wengi hurudi kwa mkupuo. Huyo ni rahisi kumwandikisha kuliko kaka yake. Lakini upatu una zamu, na kila mmoja anaijua siku yake. Ada ya chama huenda ikamtetea mwenzake aliyeachishwa kazi, yeye asipate kitu mwaka mzima. Kwa hiyo huishika kalamu, akamtazama anayemwandikisha, akauliza: "Na zamu yangu lini?"