Kupanda Tutapanda, Kushuka Je?

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2023, mama yangu alishuka kwenye pikipiki yangu katikati ya mlima, akakaza khanga kiunoni, akaanza kutembea.

Tulikuwa tumetoka Korogwe alfajiri kwenda kumwona bibi, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya Soni. Mpaka Mombo hakuna shida. Njia ni tambarare, mashamba ya mkonge yanakusindikiza, na Honda yetu ilikuwa inakwenda kwa raha zake, kilomita 40 kwa saa. Lakini pale Mombo unaiacha barabara kuu ya Arusha, unakata kulia, na mlima unaanza bila hata kupiga hodi. Ni zaidi ya kilomita 30 za kona mpaka Lushoto, mwamba upande huu, bonde upande ule. Nilitia gia ya pili, injini ikalalamika. Nikatia ya kwanza. Mshale wa mwendo ukashuka mpaka 15, harufu ya oili ya moto ikanipanda puani, na lori tupu lililokuwa linafuata kabichi likatupita huku utingo akituchungulia kwa huruma. Huruma ya utingo, jamani!

"Simamisha," mama akasema.

"Itafika, mama."

"Itafika bila mimi. Simamisha nishuke."

Mama ana goti bovu. Nilitangulia mpaka kona iliyofuata, nikasimama kumngoja, nikamwona anakuja taratibu, mkono mmoja kwenye goti, macho chini. Akapanda tena bila neno. Siku ile alishuka mara tatu. Mara ya tatu ndipo aliposema, wala hakusema kwa hasira, "Mwanangu, hii ni pikipiki ya mtu mmoja. Na sisi tuko wawili."

Ndugu msomaji, kuna maneno ambayo mtu hawezi kulala nayo. Mimi nililala nayo mwaka mzima.

Honda yenyewe ilikuwa C50, injini ya cc 49, gia tatu, haina mkono wa klachi kwa sababu klachi yake inajishika na kujiachia yenyewe. Baba aliinunua mwaka 1989 ikiwa tayari imetumika, alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge. Usiidharau. Ukoo wake ulianza kuuzwa Japani mwaka 1958, na ilipofika 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Baba alinipeleka shule ya msingi kwa pikipiki hiyo, nikiwa nimesimama mbele yake nimeshika usukani. Alipofariki mwaka 2016 nilikuwa kidato cha tatu, na kitu pekee alichoniachia chenye jina langu mdomoni mwake kilikuwa ufunguo wa Honda. "Mpeni kijana," alisema.

Kwa hiyo mnaelewa. Kubadili pikipiki kwangu halikuwa jambo la kwenda dukani na kunyoosha kidole.

Mimi nafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi. Mchana nachapa barua za watu za kuomba kazi, usiku naandika riwaya yangu kwenye daftari la kaunta. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 1,250,000. Nilianza kutafuta.

Ya kwanza nililetewa na dalali. Ilikuwa ya Kichina, cc 125, rangi inang'aa, bei 900,000. Wengi wanazicheka pikipiki hizi, lakini fundi wangu wa Manundu hazicheki. Aliniambia nyingi zimeiga injini ya Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Badala ya cheni ya ndani ya kuendesha valvu, iliwekewa vijiti vya kuzisukuma, ili ivumilie maisha ya taabu. "Injini hii ni punda," fundi akasema. Akapiga kiki ikiwa ya baridi, ikawaka mara moja. Akatazama moshi wa ekzosi kama unatoka wa bluu, maana bluu kwenye injini ya namna hii ni oili inaungua. Safi. Akapapasa meno ya spoketi, akakagua shokapu za mbele kama zinavuja. Safi. Kisha akachukua kadi, akainama kusoma namba ya chasisi.

Namba za kwenye kadi na za kwenye chuma hazikufanana.

"Usiwe na wasiwasi, mdogo wangu," dalali akaanza, "hayo ni makosa madogo tu ya kuandika." Fundi akafuta mikono yake na tambara, akanishika bega, tukaondoka. Hilo nalo ni somo: punda mzuri asiye na mwenyewe anayejulikana atakufikisha polisi.

Ya pili, enhee, hapo ndipo penyewe. Yamaha DT 125. Bwana shamba mmoja mstaafu alikuwa anaiuza 1,200,000. Kama hujawahi kuiona DT, basi nikueleze: imesimama juu kama mbuni, matairi yana meno ya kung'ata tope, na sauti yake ya stroki mbili unaisikia ng'ambo ya bonde kabla hujamwona dereva. Tangu utoto, kwetu sisi DT ilikuwa pikipiki ya watu waliokuwa na mahali pa kwenda. Na niseme ukweli wote: mpelelezi wa riwaya yangu anaendesha DT. Sura ya kwanza kabisa, anashuka nayo mlima usiku, taa imezimwa, majambazi mbele. Niliiandika sura hiyo mara sita nikiwa sijawahi hata kuikalia.

Halafu tazama hesabu. Kwa 1,200,000 ningeipata DT, Honda ya baba ingebaki uani, na shilingi 50,000 zingebaki mfukoni. Nilimkimbilia fundi nikiwa nimeshaamua. Nilitaka aniambie ndiyo, basi.

"Inapanda?" nikamuuliza.

"Inapanda mpaka mbinguni." Akanyamaza, akaendelea kufunga nati. "Dogo, kila anayekuja hapa ananiuliza kupanda. Hakuna anayeniuliza kushuka."

Akanieleza. Injini ya stroki nne, ukiwa gia ndogo na umefunga mafuta, inakushika kama mtu anayekuvuta shati kwa nyuma. Ya stroki mbili inakushika kidogo sana, kwa hiyo kazi yote inaangukia breki. Breki ukizikamata mteremko mrefu zinapata moto, na zikipata moto zinalegea. Tena DT ina tangi lake dogo la oili, na pampu yake inafuata mkono wa mafuta. Ukifunga mafuta mlima mzima, oili inayoingia ni kidogo huku pistoni bado inakimbia. "Anayejua kuiendesha anashuka nayo salama," akasema. "Lakini wewe unatoka kwenye Honda ya cc 49, na nyuma umempakia mama yako. Kupanda mtapanda. Kushuka je?"

Nilikasirika. Nilijiambia fundi ni mzee, mwoga, hajui raha. Nikaona nimchukue mama mwenyewe akaione. Akiipenda, maneno yamekwisha.

Mama alikuja kwa bwana shamba amevaa suruali ya marehemu baba ndani ya gauni, kama anavyovaa siku zote za safari, kwa sababu hataki kukaa upande. Akamwamkia mzee, akaizunguka DT mara moja, akaigusa kiti. Kiti kilimfika karibu na kiuno. Kwenye Honda yeye hupitisha mguu pale katikati palipo chini, anakaa, basi. Hapa aliinua mguu, goti likakataa. Akajaribu upande wa pili, akaona bomba la ekzosi lilivyopita juu, pale pale mguu wa abiria unapokaa. Bwana shamba, mtu mwema, akaingia ndani akarudi na kigoda.

Mama akakitazama kigoda, akanitazama mimi. "Na hiki nacho tutakuwa tunakibeba?"

Tulicheka sote watatu, lakini cheko langu lilikuwa la mdomoni. Nilikuwa nachagua pikipiki ya mtu aliye kwenye daftari langu. Mtu yule hana mama, hana goti, hana bibi Soni, wala petroli haimwishii mpaka mimi nipende. Kumbe mwaka mzima nilikuwa namtafutia yeye usafiri.

Ya tatu haikuwa na hadithi. Boxer, ile wanayoiita 150 ingawa ujazo wake halisi ni cc 144.8. Stroki nne, kiti kirefu na cha chini, keria nyuma, na spea zake zinauzwa hata na muuza vocha. Ni pikipiki ya kila bodaboda mjini. Ukiisimamisha mbele ya baa, hakuna msichana atakayegeuka. Mwenyewe alikuwa ameitumia kwenda kazini tu, akataka 1,700,000, na namba za kadi na chasisi zilikuwa pacha. Fundi aliipiga kiki, akasikiliza, akasema neno moja: "Chukua."

Zilipungua shilingi 450,000. Na hapo uani kulikuwa na kitu kimoja tu cha bei hiyo.

Sikumwambia mama. Nilizunguka wiki mbili nikikopa, nikikosa. Usiku mmoja akanikuta uani nimekaa kwenye Honda, giza, imezimwa.

"Kuna mtu anaitaka?" akauliza.

"Yupo kijana anayesambaza mikate. Anatoa hiyo hela."

"Sasa?"

"Ni ya baba, mama."

Akakaa kizingitini akinyoosha goti lake. "Baba yako hakununua kumbukumbu. Alinunua usafiri. Siku alipoiona inamfaa aliuza baiskeli ya babu yako, wala hakulia." Akanyamaza kidogo. "Alilia. Lakini aliuza."

Niliuza Machi 2024. Kijana wa mikate yuko mjini, kwenye tambarare, na kwenye tambarare Honda ile ni mfalme. Tukipishana hupiga honi, nami huinua mkono, kisha hutazama pembeni kidogo.

Wengi hudhani kununua ndiyo mwisho. Leseni yangu ilikuwa daraja A3, la vipikipiki visivyozidi cc 50. Pikipiki iliyo chini ya cc 125 inataka A1, na inayozidi hapo inataka A. Kwa hiyo mimi, dereva wa miaka, nikarudi kujifunza pamoja na watoto waliomaliza shule jana. Na walinipita! Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekaa bure maisha yake yote, haujui klachi ni nini. Niliizima Boxer mbele ya darasa zima mara nne. Niliachia klachi kwa pupa ikaruka kama mbuzi. Mwalimu akaniambia, "Wewe tatizo lako si kwamba hujui. Tatizo lako unajua ile nyingine." Siku ya tano mkono ukaelewa, na tangu hapo sikufikiri tena.

Julai tulipanda. Nilikuwa na leseni mpya mfukoni na helmeti mbili, yangu na ya mama. Pale Mombo tulikata kulia, nikatia gia ya pili, nikangoja ilalamike. Haikulalamika. Ilikuwa inavuta tu, kimyakimya, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Tukaipita kona ya kwanza aliyoshukia mama, tukaipita ya pili. Nilikuwa natabasamu peke yangu ndani ya helmeti. Tulipokaribia ya tatu akanigonga begani.

"Simamisha."

Moyo ukanishtuka. "Goti?"

"Simamisha tu."

Akashuka, akaenda kukaa kwenye ukingo wa mawe. Chini yetu tambarare ya Mombo ilikuwa imelala kwenye ukungu mwepesi, barabara ya Arusha ikionekana kama uzi. Akatazama kwa muda mrefu.

"Siku ile nilipita hapa nikitazama miguu yangu," akasema. "Sikuona kumbe panapendeza hivi."

Jioni tulishuka gia ya pili, mafuta yamefungwa, injini ikinivuta shati. Breki nilizigusa kwenye kona tu. Mama nyuma yangu alikuwa anaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani, na kila kona nilimsikia fundi: kushuka je?

Nimeirudia sura ya kwanza ya riwaya yangu kwa mara ya saba. Mpelelezi nimemnyang'anya DT, nimempa Boxer. Amenuna. Majambazi bado wako mbele, lakini sasa hawezi tena kujitosa tu na taa imezimwa, maana kiti cha nyuma nimempakia mama yake. Sijui atafanyaje. Ila kwa mara ya kwanza tangu nianze kuiandika sura hiyo, na mimi naogopa kidogo asije akaanguka.