Mwenye Vyombo

Mpwa wangu, siku hizi mkisikia bendi ya gereji mnadhani ni mtindo wa muziki. Yetu ilikuwa ya gereji kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kupigia. Palikuwa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa fundi magari mmoja, baba mdogo wake mpiga besi wetu. Alituachia ua wake jioni akishafunga kazi, kwa masharti mawili: tusiguse spana zake, na asiwashe mtu sigara karibu na madebe ya petroli. Tulikuwa wanne, watoto wa mtaa mmoja, tuliosoma chuo kimoja na kuchapwa bakora na mwalimu mmoja. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa oili chafu, na harufu ya asidi ya betri ilituganda hata kwenye nywele. Mama alikuwa akinivulisha shati mlangoni kabla sijaingia ndani.

Gitaa la kwanza tulilichonga kwa mbao za kasha la chai. Nyuzi tulizipata kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli, unyuzi baada ya unyuzi, na zilichana vidole vibaya sana. Nyimbo tulizinasa redioni usiku, kila mmoja akikariri mstari wake, maana sahani za santuri hatukuwa na fedha za kununulia. Mwimbaji wetu, kijana mwembamba mwenye mwanya na macho ya usingizi, Kiingereza chake kiliishia darasa la saba. Akiimba James Brown alitia maneno yake mwenyewe, lakini ule ukelele aliupata sawasawa, na wasichana hawakuja kusikiliza sarufi.

Sasa, kupiga gereji ni jambo moja na kupiga ukumbini ni jingine. Ukumbini panatakiwa vyombo: magitaa ya umeme, amplifaya, seti ya ngoma, maikrofoni. Kima cha chini cha mshahara enzi hizo hakikufika shilingi 200 kwa mwezi; mtoto wa karani angenunua amplifaya kwa kitu gani? Tukampata mwenye baa mmoja wa Magomeni, mtu mnene, mpole, mwenye meno ya dhahabu na kanzu iliyonukia udi. Alituazima vyombo vyake tupige bugi, dansi la mchana wa Jumapili. Kiingilio shilingi tatu, wasichana shilingi mbili. Fedha ya mlangoni yake, sisi soda na nauli. Usituonee huruma, tungepiga hata bila soda.

Wakati wenyewe ulikuwa mkali. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, na Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana marufuku. Dada zetu wakawa wanakuja na khanga juu, wakiingia ukumbini wanazikunja na kuzitia mkobani. Kisha, Novemba 1969, muziki wa soul nao ukapigwa marufuku jijini. Mwenzetu wa ngoma alilia, nakuambia kweli. Jumapili iliyofuata tukapanda jukwaani vilevile. Tulipunguza mwendo kidogo, tukatia Kiswahili juu ya midundo ileile, na mpiga besi akatangaza kwamba ni ngoma ya kwao Rufiji. Hakuna aliyetuuliza Rufiji ipi.

Kilichotumaliza kilikuja bila tangazo. Mwenye baa alipata bendi ya watu wazima waliopiga rumba, iliyojaza ukumbi usiku, na wanaume wenye mishahara hunywa bia kuliko wanafunzi. Jumapili moja tulikuta vyombo vimefungiwa stoo. Hakutufukuza, alitupa soda, akatupa na nauli, tukarudi Gerezani kwa basi. Bendi zilizodumu zilikuwa na mwenye vyombo asiyesinzia: NUTA Jazz, tangu 1964, vyombo vyake vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walilipwa mshahara kama makarani. Polisi na jeshi nao walikuwa na vyao. Mpiga besi wetu aliliona hilo mapema, akaenda jeshini, akapiga gitaa mpaka akastaafu na pensheni. Mwimbaji alihamia Tanga kwa wajomba zake. Mimi nikapata kazi ya kuandika mizigo bandarini.

Mpiga ngoma ndiye aliyeachiwa gereji, nasi hubishana kila nikimpelekea gari. Yeye hashikiki: ni serikali ndiyo iliyotuua, ile Novemba. Mimi humwambia Novemba tulipiga, na Desemba tukapiga, na Krismasi ile watu walisimama mpaka barabarani. Hunijibu kwamba Krismasi tulipiga ovyo, kwa kuwa mimi nilipandisha gitaa nusu sauti juu ya wenzangu. Hilo ni uongo mtupu. Aliyekuwa amepotea ni besi.